Nguo Isiyo na Pa Kutolea Mikono

Krrr… krrr… krrr…

Cherehani yangu, dada. Usiku wa manane, chumba cha mbele, na mimi niko kitandani namnyonyesha mtoto. Baba yake yuko zamu ya usiku. Mlango nimefunga mwenyewe. Sasa nani anashona?

Nikamkumbuka yule bibi.

Alikuja jioni, nafunga kazi. Simjui. Kitambaa alichonipa cheupe, kinanuka udongo mbichi. Anataka gauni la mjukuu.

"Ana umri gani, bibi?"

"Kama huyo wako. Mpime huyo huyo."

Nikacheka. "Bibi nawe! Wangu ana kitambi kama mwenye nyumba."

"Watalingana tu."

Nikapitisha futi, dada. Kifuani, kiunoni, mpaka miguuni. Kwa mkono wangu huu.

"Na mikono?"

"Usiache pa kutolea mikono," akanong'ona. "Aendako haihitaji."

Nilikata, lakini kushona nikashindwa. Nikakiacha palepale juu ya cherehani.

Krrr… krrr…

Mtoto akaacha ziwa. Mkono wake wa kulia ukashuka, ukabana ubavuni. Nikauvuta, hautoki. Kama umeshonewa.

Krrr…

Na wa kushoto.

Pumzi yake ikawa fupi… fupi… Nataka kupiga kelele, ulimi umelala mdomoni kama nyama ya buchani. Miguu siyo yangu. Basi nikaita kimoyomoyo, maana mama alitufundisha, sauti ikikataa ita hivyo hivyo, Mungu hayuko mbali kiasi cha kupigiwa kelele. Nikasema, Mungu, mimi siwezi kuinuka. Njoo wewe.

Sikuhisi kitu, dada. Nisikudanganye. Si joto, si mwanga, si amani wanayoisema watu. Ganzi tu. Nikaita tena na ganzi yangu.

Krrr… kr…

Tak!

Kimya.

Halafu harufu ya udongo dirishani. Na mnong'ono.

"Mwanangu… huyo uliye naye ni nani?"

Nikamtazama mtoto.

"Simuulizi mtoto. Huyo mwingine. Aliyekaa kitandani."

Nikasikia nyayo zikiondoka. Za haraka, kama za mtu aliyefukuzwa.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Ila mtoto alikuwa amechomoa mikono yote miwili, anainyoosha kule upande mtupu wa kitanda. Anacheka.

Asubuhi sindano ilikuwa imevunjika vipande viwili mezani. Nguo haipo. Yule bibi kaondoka nayo haijaisha, na vipimo vya mwanangu anavyo.

Ningepaswa kulia, kushukuru, kupiga magoti. Silii. Nasonga ugali, naosha nepi, mwili kama wa mtu mwingine. Lakini kila jioni naita. Sisikii kitu, naita. Alikuja nikiwa sisikii kitu.

Nimekwambia wewe kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Mwingine simwambii, naapa. Hata baba yake.

Yeye ndiye hulala upande ule.