Mkono wa Kanzu ya Harusi

Kila Jumanne baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walipanga foleni kwenye bomba la uani kunawa mikono. Mwalimu Nejiba alisimama mlangoni akiwanusa viganja mmoja mmoja.

"Wewe Mehrez, bado unanuka samaki na pilipili. Rudi."

Mehrez alirudi bombani akinung'unika kwamba hata fundi wa sultani hakuwahi kunuswa hivyo. Wenzake wakacheka.

Lilikuwa somo la ushonaji, na hakuna aliyetaka kulikosa. Mwalimu Nejiba hakuishia kuchora mishono ubaoni. Alileta nguo za zamani za watu wa mji wao wa Mahdia, kisha akawauliza watoto maswali. Kwa nini joho la wazee ni pana hivi? Fundi alikataje kitambaa asibakize hata kipande cha kutupa? Watoto walipima, wakachora kwenye karatasi ya kaki, wakakata, halafu wakashona nguo kama ile kwa kipimo cha mtoto mchanga. Kazi zao zingeonyeshwa mwezi wa Machi, Siku ya Mavazi ya Asili, ambapo shule nzima huja imevaa nguo za mababu.

Jumanne hiyo mezani palikuwa na kanzu ya harusi ya Bibi Manubia, jirani wa shule. Mama yake aliolewa akiwa ameivaa, yeye mwenyewe akaolewa nayo, na sasa mjukuu wake Olfa alikuwa akijiandaa kuivaa. Hariri yake nyekundu ilikuwa imepauka hadi ikawa rangi ya matofali, lakini nakshi za zari kifuani bado ziling'aa.

"Sheria ni ileile," alisema mwalimu. "Macho yatazame, futi ipime, mkasi ulale."

Dorsaf na Mehrez walipewa mkono wa kushoto. Dorsaf alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote darasani, ila subira hakuwa nayo. Alipapasa mshono wa chini ya kwapa, akakunja uso.

"Hapa pamenona," alinong'ona. "Kuna kitu ndani."

"Basi andika 'pamenona', tuendelee."

"Tutachoraje kitu tusichokiona?"

Mwalimu alipoitwa ofisini, Dorsaf alichukua mkasi mdogo akakata uzi mahali pamoja tu, apate kuchungulia. Lakini uzi ule ulikuwa umechakaa. Ulipoguswa ulianza kukatika wenyewe, na mshono ukaachana kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, upana wa vidole viwili, chekundu kama komamanga, kana kwamba kimetoka dukani jana.

Mehrez alishika kichwa. "Dorsaf, umetumaliza."

"Nyamaza. Nipe pini."

Alibana mshono kwa pini, akaikunja kanzu vizuri. Mwalimu aliporudi aliuliza kama kila kitu kiko salama. Darasa zima likaitikia ndiyo, na Dorsaf akaitikia pamoja nao. Baada ya masomo kanzu ikarudishwa kwa mwenyewe.

Siku zilizofuata Dorsaf alijiambia kwamba mafundi wa harusi wataona, watashona, na mambo yatakwisha. Alikula, akacheza, lakini kila alipoona pini aligeuza macho.

Ijumaa mama yake alimchukua kwenda kwa Bibi Manubia kusaidia maandalizi ya harusi. Wanawake walikuwa wameketi uani wakitengeneza vileja vya ngano vyenye tende ndani, wakitaniana kuhusu bwana harusi ambaye, walisema, alikuwa na aibu kuliko bibi harusi. Dorsaf alipewa kazi ya kupanga vileja kwenye sinia.

"Olfa, hebu jaribu kanzu tukuone," alisema shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekuja kutoka Sousse.

Olfa aliingiza mkono wa kulia. Ulifika kwenye kiwiko ukakwama. Akavuta, akapumua, akavuta tena.

"Bibi, haipiti."

"Nilikwambia upunguze mkate," alisema shangazi, na wengine wakacheka. Lakini Olfa hakucheka. Tangu utotoni alikuwa akisema ataolewa akiwa amevaa kanzu hiyo, na sasa machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Usilie, mwanangu," alisema Bibi Manubia. Hata hivyo sauti yake mwenyewe ilikuwa imepungua nguvu.

"Kuna njia mbili," alisema shangazi. "Tukodi gauni la kisasa, au tuipasue mikono tutie vipande vipya. Nileteeni mkasi."

Dorsaf alisimama na sinia mikononi. Alijua kuna nini ndani ya mkono wa kushoto, na bila shaka wa kulia pia. Lakini angesemaje bila kuulizwa amejuaje? Alimtazama mama yake, akamtazama Olfa. Mkasi ukaletwa. Shangazi akaunyoosha mkono wa kanzu juu ya goti lake.

"Msikate," alisema Dorsaf. "Kuna kitambaa kimekunjwa ndani."

Shangazi akashusha mkasi.

"Na wewe umejuaje?" aliuliza Bibi Manubia.

"Niliufumua mshono, bibi. Mkono wa kushoto. Mwalimu alitukataza. Nilitaka kuona tu, uzi ukakatika, nikabana na pini."

Mama yake alijifunika uso kwa kiganja. Bibi Manubia akauchukua mkono wa kushoto, akachomoa pini moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kisahani.

"Mjukuu wangu angeingiza mkono humu," alisema taratibu. "Zingemchoma mpaka damu imwagike kwenye hariri. Hilo uliliwaza?"

"Hapana, bibi."

Dorsaf alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza. Bibi Manubia alifunua mkunjo, akauona wekundu ule wa komamanga, akaupapasa kwa kidole.

"Miaka yote naikunja na kuikunjua," alisema mwishowe, "na mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa mwembamba kama sindano, sikuhitaji kuipanua."

Aliufumua mshono wa mkono wa kulia kwa uangalifu, akaukunjua mkunjo wake, akaupiga bandi ili ushike kwa muda. Olfa akaingiza mkono. Safari hii ulipita mpaka kwapani, ukabaki na nafasi ya kuinua kikombe cha chai. Vigelegele vikalia uani, na shangazi wa Sousse ndiye aliyepiga vingi zaidi.

"Lakini wewe," alisema Bibi Manubia akimgeukia Dorsaf, "aliyefumua ndiye atakayeshona. Kesho, baada ya alasiri."

Dorsaf alikwenda, na siku zilizofuata pia, wenzake wakiwa ufukweni wakicheza mpira. Mehrez alimfuata bila kuitwa.

"Mimi niliona nikanyamaza," alimwambia bibi. "Nipe hata kazi ya kutunga sindano."

Bibi aliwafundisha kuvaa kastabini kidoleni, kupaka uzi nta usikatike, na kushona nukta ndogo zinazolingana. Mshono ulipopinda alisema "fumua," na Dorsaf akafumua. Mara ya kwanza aliona uchungu. Baadaye hata yeye alianza kuiona nukta mbaya kabla ya bibi.

Jumatatu, kabla ya somo lolote, alikuwa amekwenda kwa Mwalimu Nejiba na kumweleza yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niliazima kitu cha watu kwa jina langu," alisema. "Sasa nitakwenda kuomba radhi, na wewe utakuja nami."

Walikwenda. Jumanne Dorsaf akasimama mbele ya darasa, akasimulia alivyokosa, kisha akachora ubaoni mkono wa kanzu na mkunjo wake wa ndani. Kila kundi likaanza kukata mikono mipana zaidi ili kupata mkunjo kama ule.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja, "kwa nini kuficha kitambaa kizuri mahali ambapo hakuna anayekiona?"

Mwalimu Nejiba aliweka futi yake mezani.

"Fundi yule alijua kwamba mtu habaki vilevile," alisema. "Bibi harusi wa leo ni mwembamba, wa kesho ni mnene. Akaacha nafasi ya kurekebisha. Binadamu naye hukosea, na nafasi yake ya kurekebisha ni kusema kweli mapema. Dorsaf alivunja sheria, na alichelewa kusema. Lakini alisema kabla mkasi haujakata, ndiyo maana Olfa anaolewa akiwa amevaa kanzu ya kwao. Angesubiri dakika moja zaidi, ukweli wake usingemfaa mtu."

Kila mtu akainamia kitambaa chake. Baada ya muda mkono mmoja ukanyooshwa nyuma ya darasa.

"Mwalimu," alisema Dorsaf, "mshono wangu umepinda. Naomba ruhusa ya kufumua."

Mehrez ndiye aliyeanza kucheka, halafu mwalimu.

"Ruhusa umepata," alisema. "Fumua."