Nambari Saba

Mama alianza kutoka nyumbani dakika ishirini mapema. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Zamu yake kwenye kiwanda cha kuku ilikuwa ileile ya saa kumi na moja jioni, ila sasa alizunguka kwa njia ya machimbo ya mawe ili asipite kwenye njia panda ya kituo cha mafuta. Hapo ndipo kaka yangu Coy alipogongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, akafa. Aliyemgonga alikuwa kijana aliyekuwa akiwakimbia polisi kwa sababu ya taa moja mbovu ya nyuma.

Siku moja Mama aliniwekea karatasi mezani.

"Tessie, Jumanne baraza la mji linakaa. Jimbo linatoa ruzuku ya kile kifaa cha polisi. Kinafyatua kidude chenye gundi, kinaganda kwenye gari linalokimbia na kuonyesha liliko. Polisi wanapunguza mwendo, wanalifuata kwenye ramani tu. Hakuna mbio. Maombi yanafungwa Ijumaa. Mimi nikikosa zamu tena wananifukuza. Utanisomea hii."

"Mimi, Mama? Mbele za watu?"

"Dakika tatu. Sema jina na mtaa wako, kisha soma. Hata ukisoma ukitazama sakafu, sawa tu."

Nilikwenda na binamu yangu Dreama, ambaye alinicheka njia nzima. "Wewe ukiulizwa swali darasani unajibu kama panya aliyebanwa na mlango. Leo utahutubia baraza!"

Ukumbini walikuwapo watu tisa. Sajenti Dutton, aliyelifukuza gari lile lililomgonga Coy, alikaa nyuma kabisa, kofia magotini. Nilijaza kadi ya msemaji, ile ya kuomba kuzungumza, nikabaki nayo mkononi, nikingoja kuitwa.

"Nambari nne hadi tisa za ajenda tunazipitisha kwa pamoja," alisema mwenyekiti, Bwana Purvis, bila kuinua macho. "Kuna anayetaka moja itolewe tuijadili?"

Nilitazama ajenda. Nambari saba: *Kutoomba ruzuku ya kifaa cha polisi, kwa kuwa kuanzia mwaka wa tatu mji utakilipia wenyewe.*

Dreama alinipiga kiwiko. "Simama, we! Ndiyo hiyo!"

"Sijaitwa."

"Nani atakuita na kadi umeishikilia?"

Nilibaki kitini. Mikono mitano ya wajumbe ilipanda, ikashuka. Wakaanza kuzungumzia takataka.

Kikao kilipokwisha, nilimwendea karani, Bi. Haskell, nikampa kadi. Aliisoma, akavua miwani.

"Oo, mwanangu. Orodha ile hupita yote kwa mkupuo, isipokuwa mtu aseme 'toeni hiyo'. Mtu yeyote, hata mtoto. Ungesema tu 'nambari saba'."

"Naweza kusema sasa?"

"Wamekwishapiga kura. Kikao kijacho ni baada ya wiki mbili, na Ijumaa imebaki siku tatu tu." Alinirudishia kadi polepole. "Lishike hili maisha yako yote: katika chumba hiki, anayenyamaza anahesabiwa kuwa amekubali. Aibu yako haiandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Ni 'ndiyo' yao tu inayoandikwa."

Mlangoni Sajenti Dutton alinisimamisha. "Wewe ni binti wa Renda Stidham. Nimekiomba kifaa kile mara mbili. Ningekuwa nacho siku ile, ningeliacha gari lile liende."

"Na leo mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Askari haongei kikaoni mpaka mkuu wake amruhusu."

Mama alirudi usiku, harufu ya klorini ya kuoshea kuku mikononi. "Ulisoma?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"Yote. Walikataa."

Alikaa kitandani kwangu, akavua kiatu kimoja. "Basi. Angalau jina la Coy limetajwa mle ndani."

Theluji ilipoyeyuka, polisi walifukuza gari jingine. Mzee mmoja, fundi wa mashine za kukatia nyasi, aligongwa nalo, akafia barabarani mbele ya benki. Mama alizima redio, akasema, "Tuliwaambia, Tessie." Nikaitikia kwa kichwa.

Nina miaka ishirini na miwili sasa. Mama bado anazunguka machimboni, na bado huwaambia watu kiwandani kwamba bintiye aliwahi kusimama mbele ya baraza.

Mama, sikusimama. Hawakuyakataa maneno yako. Hawakuyasikia.