Kikombe Kilichofudikizwa

Katika mkahawa wa Shamroz, mjini Peshawar, hata wavuta bangi waliiheshimu adabu moja: ukiujua mwisho wa hadithi inayosimuliwa, unakifudikiza kikombe chako, mdomo chini juu ya kisahani, kisha unanyamaza. Asiyeweza kunyamaza alitolewa nje kwa ukosi wa kanzu yake, na viatu vyake vikamfuata barabarani.

Sasa sikia. Ustadh Dilawar alikuwa na hadithi mpya, kaitunga mwenyewe, na mwisho wake hata mkewe hakuambiwa. Alasiri ya tatu ya kuisimulia, Shamroz akapita na birika, akaona pale ukutani, kwenye mkeka usiokaliwa na mtu, kikombe kimefudikizwa. Kilikuwa cha moto. Palinuka nywele zilizoungua.

"Nani kakaa hapa?" akauliza.

"Labda katoka kutawadha," akajibu Ghuncha, mwenye mkokoteni wa farasi. "Mgeni huyo, hajui desturi. Hii hadithi nani anaujua mwisho wake?"

Shamroz akaona haya. Mgeni wake aondoke bila kuongezwa chai! Basi akakigeuza kikombe, akakijaza mpaka juu.

Hapo hapo sauti ikasema, karibu na sikio la kila mtu, "Binti mfalme anakufa kisimani, na anayemsukuma ni babake."

Ustadh Dilawar akasimama wima. Ndio mwisho wenyewe. Wateja wakashikana mashati, huyu akimtukana yule, "Mropokaji mkubwa wewe!" Lakini sauti ilikuwa haijamaliza. "Ghuncha, farasi wako haioni Ijumaa."

"Nani huyo? Jitokeze!" Ghuncha akafoka.

Alfajiri ya Ijumaa farasi akakutwa amekufa zizini.

Alasiri hiyo wachache ndio waliorudi, wakakaa mbali na ukuta, na hakuna aliyethubutu kukigusa kile kikombe, kilichokuwa wazi bado na kikitoa moshi ingawa chai ni ya juzi. Shamroz alihudumia huku mawazo yako kwingine, maana nyumbani bintiye Palwasha alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, Palwasha aliyekwisha kuzika watoto wawili wachanga, na kila mlango ulipolia Shamroz aliruka. Ile harufu ikamjia shingoni. "Shamroz," sauti ikamwita taratibu, kwa upole kabisa, "na huyo wa Palwasha..."

"La! Sitaki!" Akakirukia kikombe, akakipindua, chai ikamuunguza mikono. Sauti ikakatika.

Ustadh Dilawar akamsogelea, akanong'ona, "Ana adabu kutushinda sisi, huyo. Alikuwa kanyamaza zake, mwisho anaujua, hasemi. Wewe ndiye uliyempa ruhusa."

"Nilimkaribisha tu, Ustadh! Ni mgeni!"

"Basi usimkaribishe tena."

Hapo mlango ukagongwa. Jirani wa Shamroz, Spogmai, alikuwa anahema na kucheka. "Mzee Shamroz, twende! Msichana! Mama na mtoto wazima!"

Shamroz alilia waziwazi, hakujali nani anamwona, akakimbia kandambili mkononi mpaka kwake. Palwasha alikuwa amejilaza, amechoka, anang'aa, mtoto kifuani. "Baba, njoo umwone alivyo na pua yako, maskini wa Mungu." Shamroz akacheka, akainama ambusu mjukuu, na ndipo pua yake ikanusa nywele zilizoungua.

Kando ya susu ya kumlazia mtoto palikuwa na kisahani, na juu yake kikombe, mdomo chini.

Kabla hajapata sauti, mkewe Bakhtawara, mwanamke asiyewahi kumwacha mgeni na kikombe kikavu tangu aolewe, akaingia na birika akinung'unika, "Nani tena huyu hajaongezwa chai? Aibu gani hii siku ya furaha!" na mkono wake ukawa umeshakigeuza, na chai inamiminika, na Shamroz akapiga kelele, "Mama Palwasha, usi...!" akaona amechelewa, akamrukia bintiye kitandani akamziba masikio kwa mikono yote miwili, akamkandamiza kichwa kifuani kwake, Palwasha akiuliza, "Baba, kuna nini? Baba, unaniumiza!" wala hakumwachia, na kwa kuwa binadamu ana mikono miwili tu, masikio yake mwenyewe yalikuwa wazi wakati ile sauti ya upole ilipoinama na kumsimulia yeye peke yake habari za yule mtoto, toka mwanzo hadi mwisho.

Ilipokwisha, akakipindua kikombe.

"Ulikuwa unaogopa nini?" Bakhtawara akamuuliza.

"Basi tu. Nimechoka."

Mtoto ana miaka minne sasa, mtundu, anapenda hadithi. Kila alasiri hupanda mapajani kwa babu yake mkahawani, na watu humcheka Shamroz, kwamba mwenye chai hanywi chai yake. Mtoto akishakaa, kabla hadithi yoyote haijaanza, babu hukichukua kikombe chake na kukifudikiza.