Jani la Ndani ya Gambuti

Anayesimulia haya anaijua kesi ya Mzee Kabiru kuliko hakimu mwenyewe. Siku ya mauaji alikuwa Nakuru mjini aking'olewa jino, lakini hilo lisikuzuie kusikiliza.

Mzee Kabiru alikutwa asubuhi amelala kifudifudi katika stoo yake ya viazi, Keringet, kisogo kimepasuliwa. Mpini wa jembe ulikuwa kando, una damu. Karibu na mkono wake Inspekta Nangila aliokota jani moja: pana, nene, lenye manyoya kama blanketi la mtoto mchanga, limekandamizwa hadi likachukua umbo la kisigino.

Konstebo Ogada hakuhitaji kuelezwa. Wachimba viazi wa kule hutandika majani hayo ndani ya gambuti, miguu isichubuke. Na kila mtu huyachuma kwa Jepkosgei, mjane jirani. Yamejaa langoni pake.

"Ndung'u, mdogo wa marehemu, alimwona huyo mama akitoka hapa stoo jana jioni," Ogada akasema. "Madam, kesi imeiva."

"Imeiva, au kuna mtu ameivumbika?"

Kufikia adhuhuri Jepkosgei alikuwa selo, na umati ulikuwa nje ya kituo. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Waliuliza tu yeye ni wa kabila gani. Vijana wawili walibeba jerikeni, na ndani hamkuwa na maziwa.

"Asipofika kortini kesho, watamchomea nyumba," Ogada akanong'ona.

"Akifika bila ushahidi, watamchomea vilevile."

Nangila alikwenda langoni kwa Jepkosgei, akachuma jani, akaliweka kando ya lile la stoo. Rangi moja. Manyoya yaleyale. Akayageuza.

Jani la langoni lilikuwa na kikonyo kirefu, kama kijiko na mkono wake. La stoo halikuwa nacho. Chini yake liling'oka na utepe wa ngozi ya shina, kana kwamba lilikuwa limeshonewa shinani kama mkono wa koti.

"Ogada, hawa ni ndugu, si mapacha. Huyu wa pili anaota wapi?"

Ogada akakuna shingo. "Ile mirefu, yenye fimbo ya maua ya njano? Iko kwenye bustani iliyoachwa na mzungu mmoja wa zamani. Nyuma ya nyumba ya Ndung'u. Kwingine sijaiona. Na geti Ndung'u analifunga kwa kufuli, ufunguo anao yeye."

Walimkuta Ndung'u uani, amezungukwa na waombolezaji, kikombe cha chai mkononi, gambuti miguuni.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Asante, madam. Yule mwanamke bado mnaye?"

"Tunaye. Wewe majani ya gambuti unatoa wapi?"

"Kwake, kama kila mtu. Juzi tu nilichukua."

"Na bustani yako ya nyuma?"

"Sijaingia tangu mvua ianze. Ina nyoka."

"Vua gambuti."

"Mbele ya wageni? Miguu yangu inanuka, madam."

"Nimezoea mochari. Vua."

Gambuti la kushoto lilikuwa tupu. Katika la kulia mlikuwa na jani. Nangila akaliinua watu wote walione. Halikuwa na kikonyo. Utepe wa shina ulining'inia.

"Hili halikuota kwa Jepkosgei. Liliota nyuma ya kufuli yako. Mwenzake tumemwokota kando ya ndugu yako. Ulivua gambuti mlangoni asikusikie ukimnyatia, jani likanata kwenye soksi."

Waombolezaji wakaacha kutafuna. Chai ikamwagika kwenye suruali ya Ndung'u, wala hakuipangusa.

"Ningeanzaje kwenda kwa yule mwanamke kuomba hata jani?" akasema. "Kaka yangu, mtu wa miaka sabini, anataka kumwoa. Ameleta mpima ardhi amkatie kipande cha shamba la baba. Nikamwambia tutachekwa. Aliyecheka ni yeye. Basi nikamfuata stoo."

Ogada akamtia pingu. Walipompitisha mbele ya umati, zile jerikeni zilirudi nyumbani kimyakimya.

Jioni Nangila alifungua selo kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, uko huru. Pole sana kwa mchumba wako."

Jepkosgei akajifunga leso upya, polepole. "Mchumba gani? Hayo ni maneno ya Ndung'u. Mzee alikuwa anakuja tu jioni kunywa dawa. Kikohozi kilimtesa, maskini, miaka mitatu."

Nangila akaifunua ripoti ya uchunguzi wa maiti. "Daktari anasema mapafu yake yalikuwa safi kama ya kijana. Huyu mzee hakuwa na kikohozi, mama."

Jepkosgei akatazama sakafu. Pembe ya mdomo ikamcheza.

"Basi dawa ilifanya kazi," akasema, na machozi yakamdondoka.