Fimbo ya Marehemu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi kompyuta, wala si mtu wa kuzua. Mjane wa jirani alimletea fimbo ambayo marehemu mumewe alirushia ndege za vita kwenye mchezo wa kompyuta.

"Ijaribu, shemeji, nimpe mpwa wangu."

Fundi akafunga mapazia, akaichomeka kwenye kompyuta, akarusha ndege. Mara king'ora: kombora limefyatuliwa kutoka ardhini! Akaivuta fimbo apae juu. Ikagoma. Ikamburuta mkono kushoto, chini, hadi kombora likapita likivuma.

Akaiachia, akachomoa waya.

King'ora kikalia tena. Fimbo ikalala kulia yenyewe, taratibu, waya ungali mkononi mwake, na kwenye kioo ndege ikaifuata.