Ulimi wa Mama Moto

Mtaani walimwita Mama Moto, na jina hilo alilipenda kweli. Kila siku alisaga pilipili na siki sufuria baada ya sufuria, akaonja, akaongeza pilipili akiona haijakolea, kisha akatia chupani. "Ulimi huu haujawahi kunidanganya," alizoea kusema. Nani angethubutu kumbishia?

Siku moja mpishi wa mgahawa alikuja kakunja uso. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Alisema chupa moja wateja waliisifu, lakini nyingine ilimpalia mzee wa watu nusura azimie. Akaziacha chupa zote mbili mezani, akasema zikitofautiana tena, atanunua kwingine. Na bila mgahawa ule, jiko la Mama Moto lingezimika.

Mama Moto alichukia kwelikweli. Si zote ameonja yeye mwenyewe? Mumewe, fundi saa asiyekosa utani, alisema labda mzee yule alipaliwa alipoona bei. Mama Moto hakucheka.

Jirani yao alikuwa mpimaji katika maabara ya maji. Aliposikia kisa hicho, alikuja mchana na vikombe, kijiko na jagi la maji ya sukari. Alimkuta Mama Moto akimalizia sufuria ya mwisho.

Akachukua ile chupa iliyolalamikiwa. Akakoroga kijiko kimoja katika kikombe cha kwanza cha maji ya sukari. Nusu yake akaimimina katika kikombe cha pili, akaongeza maji ya sukari kiasi kilekile.

"Cha pili kina nusu ya ukali wa cha kwanza," alieleza. "Cha tatu kitakuwa nusu ya cha pili. Tunaendelea hivyo mpaka ukali upotee."

Alipopanga vikombe kumi, akawaambia Mama Moto na mumewe waanze na cha kumi, kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukianza na kikali, ulimi unakufa ganzi, hausikii tena.

Cha kumi, kimya. Cha tisa, kimya. Kufika cha nane, fundi saa akashika mdomo. Mama Moto alikunywa kilekile, akatikisa kichwa.

"Haya si maji matupu?"

"Mke wangu, maji haya yananiunguza."

Mama Moto akakiweka kikombe chini. Moyo ulimuuma. Kumbe ulimi wake ulichoka kwa kuonja, na kila ulipochoka, yeye aliongeza pilipili.

Wakapumzisha ndimi kwanza, kisha wakapima chupa iliyosifiwa. Fundi saa akausikia ukali kwenye kikombe cha sita.

"Tofauti ni vikombe viwili," jirani akasema. "Nusu ya nusu. Ile chupa iliyolalamikiwa ni kali mara nne ya hii."

Tangu siku hiyo kila sufuria ilipimwa. Waonjaji walikuwa watu ambao hawajagusa pilipili siku hiyo. Ukali ukianza kikombe cha sita, sufuria iko sawa. Ukianza cha saba au cha nane, Mama Moto huongeza karoti za kusaga na siki, kisha wanapima upya.

Mpishi aliporudi, alifungua chupa tatu, akaonja moja moja huku akipumzika katikati. Ladha moja, ukali mmoja. Akaagiza mara mbili ya kawaida yake.

"Mama Moto, leo ulimi wako umefanya kazi," akasema.

Mama Moto akajifuta mikono, kifua mbele.

"Sikuonja hata tone," alisema. "Nimepima."