Ukuta wa Upande wa Bahari

Plasta ilikataa kukauka. Fundi mwashi alikuwa ameipiga kwenye ukuta mpya siku tatu zilizopita, na ukuta wote ulikuwa umekauka vizuri isipokuwa pale katikati, pakubwa kiasi cha mtu aliyesimama, ambapo palikuwa pametota kama nguo iliyotoka kufuliwa.

"Ni chumvi tu, dada," fundi alisema. Alipapangusa kwa kiganja, akakinusa, kisha akakifuta haraka kwenye suruali. "Nyumba za baharini ndivyo zilivyo."

"Basi paka rangi juu yake."

"Rangi haishiki juu ya maji."

"Itashika. Mnunuzi anakuja leo saa saba."

Fundi alikusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga. Nyundo yake kubwa aliisahau pale pale, na hakurudi kuifuata.

Mwenye haraka hiyo alikuwa karani wa mahakama, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mtoto pekee wa mama yake. Miaka mitatu alikuwa amemuuguza mama aliyepooza upande mmoja na kufungwa ulimi, na miaka mitatu ni mingi, tuseme ukweli. Alitaka kuiuza nyumba hii inayoliwa na chumvi, wahamie mjini, kwenye fleti iliyo jirani na hospitali. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja, na wote wawili walifika mwisho wa ukumbi, wakautazama mlango unaofungukia baharini, wakajikunyata, wakasema wataenda kufikiria. Kwa hiyo karani aliamua kuung'oa mlango wenyewe na kupaziba.

Mama, alipokuwa mzima, alikuwa na tabia yake. Kila siku maji yakijaa mchana aliufungua ule mlango wazi kabisa, akamkalisha binti yake jikoni, mgongo wake ukielekea ukumbini. Maji yakipwa, aliufunga. "Tunapitisha hewa," alisema, na huwezi kumuuliza mama mara mbili. Tangu apooze, mlango ulibaki wazi tu, usiku na mchana.

Siku ya kuziba, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi. Fundi alipopanga tofali la kwanza, mama alianza kupiga chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima, akapiga na kupiga mpaka kucha zikatoka damu. "Mama naye na vituko vyake," karani alisema, akachukua mto, akauweka kati ya mkono na chuma ili kelele zikome.

Tangu hapo, kila maji yalipojaa, palisikika nyayo. Hazikuwa za usiku, wala za gizani. Zilikuja mchana kweupe, jua likiwa limejaa sebuleni. Ziliteleza kama za mtu aliyetoka kuoga, zikapita ukumbi mzima mpaka kwenye ukuta mpya, zikasimama, kisha ukasikika mkono unaopapasa plasta. Zikarudi. Zikaenda tena. Siku ya pili ilikuja harufu ya mwani uliooza, ikaingia kwenye vikombe, kwenye mashuka, kwenye nywele, na karani aliyekuwa amesimama jikoni na sahani mkononi alizisikia zile nyayo zikirudi kutoka ukutani, taratibu, zikipita mlango wa jikoni, zikisita hapo kidogo, kisha zikigeuka na kuingia chumbani kwa mama, na hazikutoka.

Ndipo alipomwita mganga, mzee mwembamba ambaye pia alikuwa fundi wa redio. Alifika asubuhi ile ile fundi mwashi alipoondoka. Aliweka sikio ukutani, kisha akaenda kuliweka kifuani kwa mama.

"Mliziba maji yakiwa yamejaa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yamejaa."

"Basi mmelifungia ndani. Hili lilikuwa mpita njia, mwanangu. Linaingia na maji, linatoka na maji. Mama yako alikuwa analifungulia tu."

"Na sasa?"

"Sasa limechoka kutafuta mlango. Limemkalia mama yako kifuani. Leo saa tisa maji yakianza kupwa, bomoa, litakwenda zake. Mpaka hapo usimwachie mkono, umwite mama. Mtu mwenye mwenyewe, aliye na mtu wa kusema 'huyu ni wangu', haliwezi kumchukua moja kwa moja."

Karani alipiga hesabu zake za kikarani. Mnunuzi saa saba, sahihi saa nane, kubomoa saa tisa, na fundi aje kuziba upya kabla ya kukabidhi funguo. Kila kitu kilipata nafasi yake.

Mnunuzi, daktari wa meno mwenye kuvaa viatu vyeupe, alipenda sebule, akapenda jiko. Kisha akachungulia chumbani. Mama alikuwa amelala macho wazi, shuka limelowa chapachapa, na kichwa chake kikamfuata daktari polepole kuliko kichwa cha mtu kinavyogeuka.

"Ni nani huyu?" daktari alirudi nyuma. "Kama ni mama yako, nataka nisikie kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Sitaki kuja kulaaniwa na mama wa mtu."

Karani alikuwa ameushika ule mkono mzima. Alihisi vidole vikimbana kwa nguvu zote zilizobaki.

"Si mama wa mtu," alisema. "Ni mzee tu tuliyemhifadhi. Hana watu."

Vidole vikalegea.

Daktari akatabasamu, akaenda mwisho wa ukumbi, akaupapasa ukuta pale pale palipokuwa pametota. "Mkavu kabisa," alisema. "Hongera." Akatia sahihi.

Alipoondoka tu, karani aliinyakua nyundo. Aliupiga ukuta akilia, akaupiga kwa hofu na kwa aibu, vumbi likimjaa kinywani, tofali likianguka juu ya tofali, mpaka upepo wa bahari ulipopenya na akauona mchanga wa chini ukianza kubaki mtupu, maji yakirudi nyuma kama mganga alivyosema, naye akajibana pembeni kupisha, akangoja, akangoja, na hakuna kitu kilichopita.

"Mama!" aliita.

"Bee."

Sauti ilikuwa laini, haina kigugumizi. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu yote miwili sakafuni, ule uliopooza ukichezesha vidole.

"Toka," karani alinong'ona. "Njia iko wazi. Tafadhali, toka."

"Nitoke niende wapi? Nilikuwa nahangaika kwa sababu alikuwa na mwenyewe. Wewe ukasema hana."

"Mama yangu yuko wapi?"

Lile lililomkalia mama lilijishika kifua, likainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Yumo. Anakuita tangu saa ile. Lakini ulimi sasa ninao mimi." Likasimama, likavuka chumba kwa nyayo za majimaji, likamshika karani mkono kwa upole wote wa mzazi.

"Nyumba umeshaiuza," lilisema. "Haya, mwanangu. Tunahamia kwako lini?"